Ugoro wa Mama Queen

Pale Usagara njia zinapoachana, moja ikienda Shinyanga na nyingine Geita, watu walimjua Evelina Mashimba kwa mikono yake. Haikuwa mikono ya kupendeza. Vidole vifupi, kucha zimekatwa mpaka karibu na nyama, na dole gumba la kulia limepinda tangu lilipobanwa na mlango wa ghala la pamba akiwa msichana. Lakini mpe mche wa nyanya ulionyong'onyea, aushike, aufukie vizuri, na kesho yake ungeukuta umesimama. "Mama Queen ana mkono," walisema, wakimwita kwa jina la binti yake wa pekee, na hakuna aliyebisha.

Jambo moja hawakulijua kuhusu mikono hiyo. Evelina alikuwa ananusa ugoro.

Alianza zamani sana. Bibi mzaa baba yake, kule ndani Misungwi, alikuwa mzee wa ugoro, na mjukuu ndiye aliyekuwa akimsagia. Jani la tumbaku linakaushwa juu ya kigae cha moto, linasagwa kwenye jiwe pamoja na magadi, mpaka liwe unga laini wa rangi ya kahawa. Ukimaliza kusaga, bibi anakupa kidogo kwenye ncha ya kidole, akisema ni dawa ya mafua. Evelina alikuwa na miaka kumi na miwili. Mafua yalipona, ugoro ukabaki.

Aliolewa na Mashimba, fundi wa mashine ya kusaga, mtu mpole aliyejua siri ya mkewe na kuicheka tu. Alipofariki, Queen alikuwa na miaka tisa. Evelina akaingia barabarani na sinia la nyanya kichwani, akikimbilia mabasi yanayosimama njia panda, akipandisha mkono mpaka kwenye madirisha. Alimsomesha mtoto kwa nyanya hizo. Queen sasa ni fundi cherehani mjini, Mirongo, ana mume na watoto wawili, na hata yeye hajui. Anajua mama yake ana mafua yasiyopona. "Mama na mafua yake," huwaambia wateja, "ukimpigia simu utadhani analia."

Na kama ingekuwa ugoro peke yake, pengine isingekuwa neno. Wazee wangapi wa Usukumani wananusa mchana kweupe? Lakini katika ujane wake Evelina alishika kanisa, akashika kwelikweli, na mwaka wa sita wakamchagua mwenyekiti wa akina mama. Katika kanisa lake, pombe na tumbaku vimewekwa kapu moja. Yeye mwenyewe alishawahi kusimama mbele ya kina mama, Biblia mkononi, akamkemea mzee wa watu, bibi kikongwe wa miaka themanini, kwa sababu ya kikopo cha ugoro kilichodondoka kwenye mkeka wakati wa ibada. Bibi yule aliondoka akiwa ameinamisha kichwa, na hakurudi tena. Wakati huo huo, ndani ya pindo la khanga ya Evelina, kilikuwamo kichupa kidogo kilichowahi kuwa na dawa ya macho. Wewe unajua kilikuwa na nini.

Basi, hivyo ndivyo alivyokuwa Mama Queen alipokuja Kokulinda.

Kokulinda ni Mhaya wa Bukoba, mtoto wa wakulima wa migomba na kahawa, amesomea kilimo mpaka chuo kikuu. Alinunua eneo nyuma ya njia panda, akajenga vitalu nyumba viwili vya nailoni nyeupe, virefu kama madarasa, akatangaza kwamba atalima nyanya bila udongo. Wazee walikuja kutazama kama watu wanaokuja kumwona mgonjwa. Nyanya zilikuwa zimepandwa kwenye mifuko iliyojazwa pumba za mpunga zilizochomwa nusu, kila mche umefungwa kamba inayokwenda juu, na kwenye kila mfuko umechomekwa mpira mwembamba unaodondosha maji yenye mbolea, tone kwa tone.

"Hizi nyanya zimelazwa," alisema mmoja. "Si mnaona zimetundikiwa dripu?"

"Na zikipona zitaruhusiwa lini?" akadakia mwingine, wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Kokulinda naye alicheka. Alihitaji mtu mwenye mkono, na wote walimwelekeza kwa mtu mmoja. Evelina aliacha sinia, akaajiriwa kuwa msimamizi wa miche. Chini yake alikuwepo Teodora, msichana mwenye mdomo usiofungwa. Upande wa maji alikuwepo Nestory, mwanaume wa miaka thelathini na kitu, baba wa mtoto mmoja, Yakobo. Yeye alichanganya mbolea kwenye tangi, akaangalia pampu na kuzibua mipira. Nestory alivuta sigara. Hakuficha.

Siku ya kwanza Kokulinda aliwapa masharti. Unanawa kwa sabuni kabla ya kuingia. Huingii na viatu vya barabarani. Na mlangoni akabandika picha ya sigara iliyopigwa mstari mwekundu. "Tumbaku na nyanya ni ndugu," alisema. "Ugonjwa wa mmoja unamwingia mwenzake. Mtu wa tumbaku anaweza kuubeba kwenye vidole."

Evelina aliitazama ile picha. Ilikuwa sigara, nyeupe, inatoa moshi. Akajiambia kwamba yanayosemwa hapa ni mambo ya moshi, na yeye hana moshi. Alijiambia hivyo haraka mno, kama mtu anayefunga mlango kabla mgeni hajapiga hodi.

Sasa, kuna jambo la kazi ile ambalo lazima ulielewe. Wenzetu wa nchi za baridi, kwa maelezo ya Kokulinda, wakilima nyanya ndani ya nyumba huwasha na mitambo ya joto. Hapa hakuna mtambo wala jiko. Asubuhi za mwezi wa sita na wa saba, baridi ya ziwa ikishapanda mpaka Usagara, unakuta matone yananing'inia kwenye nailoni na majani yamelowa. Ukiushika mche umelowa, unausambazia magonjwa. Kwa hiyo wanakunja pazia za pembeni, wanasubiri upepo upite, majani yakauke. Ni saa nzima ya kukaa bure. Teodora alikaa kwenye simu. Nestory alivuka barabara akavute sigara yake. Na Mama Queen, aliyekuwa ameshanawa kwa sabuni kama sharti linavyotaka, alikwenda nyuma ya choo, akafungua pindo la khanga, akanusa mara mbili, kila tundu la pua na kipimo chake. Kisha akarudi akaingia wa kwanza.

Kazi yake kubwa ilikuwa kuondoa machipukizi. Mche wa nyanya unapenda kutoa vitawi kwenye kwapa za majani, na visipoondolewa unakuwa kichaka. Hutumii kisu. Unakishika kitawi kwa dole gumba na cha shahada, unakivunja pembeni, *tiki*, unakwenda kwenye unaofuata. Jeraha bichi, kidole kile kile, mche baada ya mche. Kufikia saa nne vidole vimepakaa utomvu wa kijani unaokaukia kuwa mweusi, na hakuna anayeweza kuona kama chini ya weusi ule kuna weusi mwingine. Evelina alichukua mistari sita ya upande wa tangi. Teodora alichukua sita ya upande wa barabara.

Msimu wa kwanza ulikwenda vizuri. Watu wa mahoteli walikuja wenyewe na makreti. Msimu wa pili, katikati ya mwezi wa saba, majani ya juu kwenye mstari wa kwanza yakaanza kuwa na mabaka, kijani kibichi hapa, kijani mpauko pale, kama muhogo wenye batobato. Halafu yakajikunja, yakawa membamba kama nyuzi. Wiki iliyofuata ikawa mstari wa pili na wa tatu. Nyanya zenyewe zikaanza kuiva upande mmoja, na ukizipasua, ndani zina michirizi ya kahawia. Makreti mawili yakarudishwa kutoka mjini.

Evelina aliona mapema kuliko wote. Ugonjwa ulikuwa unatembea kama anavyotembea yeye: unaanzia mlangoni, unakwenda mpaka mwisho wa mstari wa kwanza, unageuka, unarudi na wa pili. Hata mahali anapopumzika, mche wa ishirini hivi, penye ndoo ya kukalia, miche ya jirani ndiyo iliyokuwa mibaya zaidi. Aliona na akanyamaza. Akatupa kichupa chooni. Siku mbili kichwa kilimuuma mpaka akatapika, na ya tatu, kabla jua halijatoka, alikuwa kwa mzee mmoja muuza ugoro, amejifunika kitenge usoni kama anayekwenda kwa mganga.

Kokulinda alipeleka majani kwenye kituo cha utafiti. Jibu lilipokuja aliwaita wote nje, akalisoma kwenye simu.

"Ni kirusi cha tumbaku," alisema. "Wanasema kinaishi kwenye jani hata likikaushwa. Hata likisagwa. Kinaletwa na mikono ya mtu." Akainua macho. Hakuhitaji kusema anamtazama nani. Wote walikuwa wamemgeukia Nestory.

"Dada Koku," alisema Nestory, "mimi navuta, sikatai. Lakini navutia kule ng'ambo, na nikirudi nanawa mpaka kwenye kiwiko. Halafu mimi nyanya sizigusi. Mimi mtu wa maji."

"Wiki ile ya kufunga kamba?"

"Wiki ile nilisaidia."

"Mistari ipi?"

Nestory akanyoosha kidole. "Ya upande wa tangi."

Teodora akapiga kofi kwenye paja. "Si ndiyo hiyo hiyo! Jamani sigara moja imetuulia nyumba nzima."

"Wewe nyamaza," akasema Nestory, kisha akamgeukia Evelina, na sauti yake ikabadilika, ikawa ya mtoto anayemwendea mzazi. "Mama Queen, ile wiki tulikuwa wote. Si uliniona nikinawa kila siku? Waambie, mama."

Alimwona. Alimwona akinawa kwa sabuni mara mbili mbili, akisugua katikati ya vidole kwa brashi ya viatu, mpaka siku moja akamtania kwamba atajichuna ngozi. Neno lilikuwa pale mdomoni, jepesi tu. Lakini lile neno lilikuwa na mwenzake nyuma yake: kama si Nestory, ni nani?

"Mimi nilikuwa naangalia kazi yangu," alisema Mama Queen.

Nestory alimtazama. Halafu akatoa funguo za pampu mfukoni, akaziweka juu ya tangi, taratibu, bila kugonga.

Waling'oa miche mia tatu na arobaini. Waliichoma kwenye shimo, moshi ukatanda mpaka barabarani, na Evelina alisimama upande unakokwenda moshi ili machozi yasiulizwe.

Jumamosi yake akaja Sabina, mke wa Nestory, nyumbani kwa mwenyekiti wake wa akina mama. Alikuwa amemfunga Yakobo mgongoni, uso umevimba. "Mama, mume wangu ni mwongo," alisema. "Aliniapia kwamba humo ndani haingii na sigara. Mpaka jirani wananicheka, wanasema mume wa Sabina kauza kazi kwa sigara ya mia mbili. Mwombee, mama. Mungu amtoe hiyo tumbaku."

Ungefanyaje? Evelina alipiga magoti. Akaishika mikono ya Sabina, akafumba macho, akaomba kwa sauti ile ile inayofanya kina mama waitikie kanisani. Akamwomba Mungu amfungue Nestory kutoka kwenye vifungo vya tumbaku. Akaomba kwa kirefu. Na kichupa kipya kilikuwa kimembana kiunoni kwenye fundo la khanga, kila alipovuta pumzi akikisikia. Sabina alipoondoka alimwachia sahani ya dagaa, kwa shukrani. Evelina hakuweza kuwala wale dagaa. Aliwapa paka wa jirani, akitazama pembeni.

Kokulinda akaosha kamba kwa dawa, akajaza mifuko mipya, akapanda upya, akaweka na sharti jipya: baada ya sabuni, kila mtu achovye mikono kwenye beseni la maziwa ya unga yaliyokorogwa, kwa sababu maziwa hukidhoofisha kile kirusi.

"Maziwa ya kunawa mikono!" Teodora aliguna. "Baba yangu akisikia haya atashuka na fimbo. Kwetu mtu akimwaga maziwa analala nje."

"Mama Queen atangulie," alisema Kokulinda, akacheka, akamshika bega. "Hii mikono ndiyo ninayoiamini. Nisingekuwa na wewe, mama, ningeshafunga nikarudi kwetu."

Mama Queen akachovya, akaingia wa kwanza. Sasa alikuwa hanusi tena saa ya kusubiri umande. Alinusa alfajiri, nyumbani, akasugua vidole kwa majivu. Lakini pua ya mtu wa ugoro inawasha, na mkono una mazoea yake. Unavunja kitawi, unajipangusa pua, unavunja kingine. Alikuwa ameshafika mche wa tano ndipo anajikuta kidole kipo puani.

Siku ya kumi na tisa tangu wapande upya, akaliona jani. Mstari wa kwanza, mche wa nane. Mabaka mawili tu, madogo. Akatazama nyuma: Teodora alikuwa mbali, anaimba. Evelina akalichuma lile jani, akalikunja, akalitia kifuani. Kesho yake akachuma matatu. Usiku hayo majani aliyaweka chini ya mto kwa sababu hakujua ayatupe wapi, na aliyalalia kama mwizi anavyolalia alichoiba.

Jumanne Kokulinda alimtuma Mkolani kuchukua mbegu. Kabla ya kufika, kwenye ule mteremko wenye mawe makubwa, aliwakuta waponda kokoto wamekaa chini ya vivuli vya magunia. Alikuwa anapita tu. Mmoja akasimama.

"Shikamoo, Mama Queen."

Alikuwa Nestory, ana vumbi jeupe mpaka kwenye kope, kidole cha kati amekifunga kwa kipande cha shati.

"Marahaba, mwanangu." Neno "mwanangu" lilitoka kabla hajalizuia. "Kidole kimefanyaje?"

"Nyundo. Bado sijaizoea." Akacheka kidogo. "Nilipata kazi ya pampu kwa mzee Rwehumbiza, hapo chini, ana kitalu kama cha dada. Tukakubaliana. Keshoye akaniambia amepiga simu kwa Dada Koku, basi." Akafuta jasho. "Sigara niliacha, mama. Tangu siku ile. Sabina haamini, lakini niliacha. Umwambie ukimwona, wewe anakusikiliza."

Evelina alisema atamwambia. Akachukua mbegu. Njia yote ya kurudi hakumbuki alipita wapi.

Asubuhi iliyofuata, wakati wa kusubiri umande, alimfuata Kokulinda aliyekuwa anapima maji kwenye tangi. Teodora alikuwepo, na Evelina alijua kwamba akisema mbele ya Teodora, Usagara nzima itajua kabla ya adhuhuri. Akasema hivyo hivyo.

"Ugonjwa haukuletwa na Nestory. Niliuleta mimi."

Kokulinda hakuacha kupima. "Mama Queen, najua unamhurumia Sabina."

"Mimi nanusa ugoro."

"Mama." Sasa aligeuka, akatabasamu kwa upole. "Usijibebeshe mzigo wa mtu. Nestory ni mtu mzima. Wewe ugoro utautolea wapi, na kanisa lako lile?"

"Hata mimi nikikuona nao siamini," akasema Teodora.

Hapo ndipo Evelina alipoelewa kwamba hata kukiri amejizibia njia. Heshima aliyoilinda miaka yote ilikuwa imesimama mlangoni, haimruhusu kupita. Akafungua pindo la khanga. Akatoa kichupa.

"Hiyo si dawa ya macho?" Teodora aliuliza.

Evelina akakigonga mara moja kwenye kiganja, kama wanavyogonga wenye kazi yao. Akamimina kwenye kile kishimo kinachotokea chini ya dole gumba, akainamisha kichwa, akavuta: kushoto, kulia. Hakupiga chafya. Hakukohoa. Macho yalilowa kidogo tu, akajipangusa pua kwa mgongo wa kidole, halafu akakitazama kidole chake, na wao wakakitazama.

"Waitu," Kokulinda alinong'ona kwa Kihaya.

"Mayu!" Teodora alishika mdomo. "Hapigi hata chafya! Bibi yangu mwenyewe hupiga."

Kokulinda alikaa kwenye kreti lililopinduliwa. "Tangu lini?"

"Tangu nina miaka kumi na miwili."

"Nauliza humu ndani."

"Tangu siku ya kwanza." Evelina akatoa majani yaliyokunjamana kifuani, akayaweka magotini mwa Kokulinda. "Na haya nimeyachuma siku chache hizi. Mstari wa kwanza. Nilikuficha."

Alitegemea kelele. Kokulinda aliyashika majani, akayanyoosha moja moja juu ya goti lake, na alipozungumza sauti yake ilikuwa chini. "Nilimwambia Rwehumbiza asimchukue. Nilimwambia kwa mdomo wangu, huyu kijana atakuulia shamba. Alinishukuru." Akaliweka jani la mwisho juu ya mengine. "Na wewe ulikuwa umesimama pale alipokuuliza."

"Nilikuwepo."

"Toka kwenye kitalu, Mama Queen. Usiguse kitu. Sijui kama nakufukuza, bado sijajua. Nenda kamlete."

Alitoka akiwa ameishikilia mikono yake mbele ya tumbo, haigusi hata nguo.

Nestory alimsikiliza akiwa amekaa, nyundo mapajani. Wenzake walikuwa wameacha kugonga ili wasikie vizuri. Evelina hakupunguza kitu. Alisema na habari za brashi ya viatu, kwamba alimwona, kila siku alimwona. Alipomaliza, mponda kokoto mmoja akaangua kicheko, mwingine akamkanya.

Nestory aliokota jiwe dogo, akaliweka chini tena. "Mimi nilidhani hukuniona," alisema. "Wiki zote hizi najiambia, Mama Queen hakuniona tu, angekuwa ameniona angesema. Nilikuwa nakutetea, mama. Kwa mke wangu nilikuwa nakutetea."

Evelina akampa ujumbe aliotumwa.

"Dada anasema urudi. Anasema atampigia na mzee Rwehumbiza."

"Nitarudi. Mimi nina mtoto, sina kiburi cha kukataa." Akasimama, akajikung'uta vumbi. "Ila kwangu sitaingia mimi nikajisafishe. Nimeapa mara ngapi? Nimechoka. Utaingia wewe umwambie Sabina."

Walirudi Usagara. Nestory alitangulia mpaka kwenye kona ya uzio wa minyaa, akasimama pale, hakuingia.

Sabina alikuwa uani anachambua mchele. Alipomwona mwenyekiti wake alirukia kigoda, akakifuta kwa upande wa khanga. "Karibu mama, karibu. Jamani, umekuja mpaka huku! Yakobo, msalimie bibi."

"Sitakaa," alisema Evelina. "Mumeo si mwongo, Sabina."

Akamwambia. Ilikuwa mara ya tatu siku ile, na alidhani ya tatu itakuwa imelainika kidogo. Haikulainika. Aliposema "kichupa kilikuwa kiunoni wakati tunaomba", Sabina aliuweka ungo chini, akaitazama mikono yake mwenyewe, ile iliyoshikwa, akaipangusa kwenye khanga pole pole, kidole kwa kidole.

"Ulilia," alisema. "Siku ile ulilia kuliko mimi."

"Nililia."

"Nikakuletea dagaa."

"Uliniletea."

Sabina akageukia uzio. Nje ya uzio kulikuwa na watu. Walikuwa wamemwona Nestory amesimama kwenye kona kama mgeni, na watu wa Usagara hawapiti jambo la namna hiyo bila kusimama. Teodora naye huenda alikuwa ameshapita njia ile. Vichwa vitatu, vinne, vikaonekana juu ya minyaa.

"Hao ndio walionicheka," alisema Sabina. Hakuwa na hasira usoni, alikuwa amechoka tu. "Mimi ukinieleza hapa uani, nimekusikia. Lakini kesho nitakwenda kuteka maji na wao watakuwa pale pale. Sema tena, mama. Pandisha sauti, kama unavyopandisha kanisani."

Evelina aligeuka. Aliwajua wote. Wawili walikuwa kina mama wake, mmoja alikuwa mjukuu wa yule bibi wa kikopo. Akavuta pumzi, na pua ikamwasha, na mkono ukaanza kupanda wenyewe kuelekea usoni. Akaushusha. Akatembea mpaka kwenye uzio ili wasipate shida ya kusikia, akaanza upya kutoka mwanzo.